Mtu Majini: Karne Nne za Kumrudia Aliyeanguka

Mwaka 1620, katikati ya Bahari ya Atlantiki, dhoruba iliishika meli ya Mayflower hata mabaharia wakatua matanga na kuiacha meli isukwesukwe na mawimbi. Kijana mtumishi aitwaye John Howland akapanda sitahani. Meli ikalala upande, akatupwa nje. Henza ya tanga la juu ilikuwa imeachia na kuburuzwa majini ubavuni mwa chombo, naye akaidaka. William Bradford, aliyekuja kuwa gavana wa koloni la Plymouth, ameandika kwamba kijana alizama pima kadhaa bila kuiachia kamba, mpaka wenzake wakamvuta juu na kumnasa kwa upondo wenye ndoano. Aliugua kidogo, kisha akaishi zaidi ya miaka 50 na kupata watoto 10. Franklin Roosevelt na marais wawili wa ukoo wa Bush ni wa uzao wake.

Wenzake waliona mkono wa Mungu, nami sina ugomvi nao. Ila mtu wa bahari ataongeza mambo yake. Mayflower ilikuwa na urefu wa takriban mita 30 na abiria 102 waliobanana, kwa hiyo aliyeanguka alionekana papo hapo. Tena chombo hakikuwa kinakwenda popote, na sitaha yake ilikuwa karibu na maji kiasi cha kufikika kwa upondo. Kadiri meli zilivyokua, bahati za namna hii zilipungua, na ya kwanza kupungua ilikuwa ile ya kuonwa.

Mabaharia wa matanga walilijua hilo vizuri. Anayeona mwenzake akitumbukia hupaza sauti, "Mtu majini!", hutupa chochote kinachoelea, kisha hubakiwa na kazi moja: kumnyooshea kidole na kutomwondolea jicho. Hakimbilii kamba, hashuki kumwita nahodha; hayo watafanya wengine. Kichwa cha binadamu kati ya mawimbi hakizidi nazi, na ukigeuza shingo kwa sekunde mbili umekipoteza. Methali yetu inasema mfa maji haachi kutapatapa, lakini waokoaji wanasimulia mengine: anayezama kweli mara nyingi hana pumzi ya kupiga kelele wala mkono wa kupunga. Mpaka leo, katika zama za setilaiti, baharia anafundishwa kunyoosha kidole vilevile.

Mvuke ulipochukua nafasi ya upepo, meli zilipata mwendo na vyumba vya kulala vyenye milango. Jioni ya Septemba 29, 1913, Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani ambaye injini yake inasukuma malori na meli hadi sasa, alipanda meli ya Dresden kutoka Antwerp kwenda Harwich, Uingereza. Akala chakula cha usiku na wenzake wawili, akaaga akalale, akaomba aamshwe alfajiri. Asubuhi kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa sitahani karibu na tezi. Mwezi uliofuata, Oktoba, mashua ya Waholanzi iliopoa maiti baharini. Mabaharia wakachukua vitu vya mfukoni na kuurudisha mwili majini, na mwanawe akavitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Nadharia za kuuawa kwake zinauza vitabu hadi leo. Zinauza kwa sababu hakuna aliyeona.

Lakini macho nayo si dawa ya kila kitu. Aprili 27, 1932, mshairi Mmarekani Hart Crane aliingia baharini kutoka meli ya Orizaba katika Ghuba ya Meksiko, mchana kweupe, abiria wakimtazama. Meli ilisimamishwa, mashua zikashushwa, wakatafuta. Hawakumpata.

Hapo ndipo penye hesabu. Meli inayokwenda maili 20 za baharini kwa saa inaacha zaidi ya mita 600 nyuma yake kila dakika. Haina breki. Ukizima injini bado inateleza mbele, na ukiigeuza ovyo unaweza kutokea mahali ambapo hakuna ajuaye mtu aliangukia wapi. Tatizo hili lilimkera John Williamson, ofisa wa akiba wa Jeshi la Majini la Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1943 akabuni mgeuko ambao leo kila mwenye cheti cha unahodha anaujua kwa jina lake.

Unafanywa hivi. Mshika usukani anaukata wote upande alikoangukia mtu, ili tezi na rafadha zimkwepe. Meli ikishageuka nyuzi 60 kutoka njia yake, usukani unakatwa wote upande wa pili. Meli inachora mviringo mkubwa, na inapomaliza inajikuta imeingia tena kwenye njia ileile iliyopita, safari hii ikielekea ilikotoka, juu ya povu lake yenyewe. Uzuri wake ni kwamba unafaa hata usiku wa kiza au katika ukungu, wakati kidole cha baharia hakina cha kuonyesha. Williamson mwenyewe alikuja kuhudumu kwenye manowari ya USS England, iliyozamisha nyambizi sita za Japani kwa siku 12 mwezi Mei 1944, na wapenda historia ya vita humkumbuka kwa hilo. Mimi naona ule mgeuko ndio kazi yake kubwa zaidi.

Upo mgeuko mwingine wa haraka, wa Anderson, kwa aliyeanguka na bado anaonekana; upo na wa Scharnow, kwa ambaye kutoweka kwake kumegunduliwa baadaye. Nahodha, kabla ya kuchagua, anauliza swali moja: ameonekana?

Kwenye meli za kitalii jibu mara nyingi ni hapana. Biashara hii ina umri: Wajerumani waliizindua Prinzessin Victoria Luise mwaka 1900, meli iliyoundwa makusudi kwa matembezi. Kufikia miaka ya 1960 ndege zilikuwa zimenyang'anya meli wasafiri wa kuvuka Atlantiki, na kampuni zikageukia watu wanaosafiri kwa ajili ya kusafiri tu. Mwaka 2019 abiria wa aina hiyo walikaribia milioni 30. Aliyeziona zikiingia Mombasa au zikitia nanga mbele ya Mji Mkongwe anajua ukubwa wake, na hizo ni ndogo. Icon of the Seas, iliyoanza safari 2024, ina urefu wa mita 365, sitaha 20 na nafasi ya abiria zaidi ya 7,000. Vyumba vingi kila kimoja kina baraza lake juu ya maji. Saa tisa za usiku, aliye barazani hana shahidi.

Takwimu zilizokusanywa kwa ajili ya chama cha kampuni hizo zinaonyesha kwamba kati ya 2009 na 2019 watu 212 walitumbukia, abiria na wafanyakazi pamoja, wakaokolewa 48. Ni wachache mno ukilinganisha na mamilioni wanaosafiri, na kampuni hazichoki kulisema hilo. Ni kweli pia kwamba kingo zinapita kiunoni na mtu hateremki kwa kuteleza tu. Kuna pombe, kuna kupanda mahali pasipopandwa, kuna waliokata tamaa ya maisha, na kuna visa ambavyo familia haziachi kushuku mkono wa mtu.

Kisa kimoja cha 2004 kilibadilisha mengi. Mwanamke alitoweka katika safari ya Alaska. Kwa maelezo ambayo baba yake aliyatoa mbele ya Bunge la Marekani, mhudumu wa chumba alimwambia mkubwa wake siku baada ya siku kwamba kitanda hakilaliwi, akajibiwa afanye kazi yake. Safari ikaisha, vitu vya abiria vikakusanywa, polisi hawakuitwa. Mwaka uliofuata bwana harusi alitoweka akiwa fungate kati ya Ugiriki na Uturuki. Familia za namna hii zikaungana mwaka 2006, na Julai 27, 2010, Rais Obama akatia saini sheria ya usalama wa meli za kitalii. Kingo zisipungue inchi 42, yaani sentimita 107 hivi. Milango ya vyumba iwe na tundu la kuchungulia. Matukio yaripotiwe kwa FBI. Na meli ziwe na mitambo ya kunasa picha za anayetumbukia au kumgundua, kadiri teknolojia hiyo inavyopatikana.

Maneno hayo ya mwisho yameacha mlango wazi. Kunasa picha ni kamera tu, na kamera inarekodi bila kumwamsha mtu. Kugundua ni kitu kingine: rada na kamera za joto zinazopiga kengele kwenye chumba cha kuongozea meli papo hapo. Kampuni zililalamika kwamba mitambo hiyo inadanganywa na ndege wa baharini na mawimbi. Mwaka 2020 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kiwango chake cha upimaji, na zipo meli zilizofunga mitambo hiyo, lakini nyingi bado zinategemea kurudisha picha nyuma baada ya mtu kukosekana.

Wakati mwingine inatosha. Agosti 2018 mwanamke Mwingereza aliyeanguka usiku kutoka meli ya Norwegian Star aliopolewa hai na walinzi wa pwani wa Kroatia baada ya saa 10 majini. Picha za kamera ziliwapa saa ya kuanguka, nao wakakokotoa mkondo ungemfikisha wapi. Novemba 2022 mwanamume aliyetoweka kwenye meli ya Carnival Valor alikaa zaidi ya saa 15 katika Ghuba ya Meksiko, maji yakiwa na uvuguvugu, mpaka meli ya mizigo ilipomwona jioni na helikopta ikamnyanyua.

Asiyerudi, madai ya familia yake katika mahakama za Marekani mara nyingi yanaamuliwa kwa sheria ya mwaka 1920 kuhusu vifo vya bahari kuu. Sheria hiyo inafidia hasara ya fedha peke yake. Mzee mstaafu au mtoto, ambaye hakuwa akimlisha mtu, thamani yake mahakamani inakaribia sifuri. Mwaka 2000 Bunge liliirekebisha ili familia za wanaokufa katika ajali za ndege za abiria baharini zidai pia kwa kupoteza matunzo na ukaribu wa ndugu yao. Meli hazikuguswa.