Sakafu ya Chokaa katika Nyumba za Mawe za Pwani

Neno sakafu limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni paa. Lilivyoshuka hadi chini ya miguu si ajabu kwa anayezijua nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar: paa la chumba cha chini ndilo linalokanyagwa na wakaao juu, na yote hujengwa kwa namna moja. Kazi yenyewe huitwa kusakifu.

Matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado laini yalichongwa vizingiti, zidaka na mihirabu. Kuta na sakafu zilitaka mawe magumu zaidi, yale ya kuchimbwa nchi kavu. Waashi walipanga boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, wakalaza mawe bapa juu yake, kisha wakamwaga mchanganyiko wa kokoto, mchanga na chokaa. Mzigo huo ni mzito mno, na boriti haziwezi kuvuka nafasi kubwa. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini upana wake kwa kawaida hauzidi mita 3.

Chokaa ilitokana na mawe yaleyale. Yalichomwa juu ya rundo la magogo, yaani tanuu, kisha yakazimwa kwa maji. Ikishatandazwa, chokaa huvuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kugeuka tena polepole kuwa jiwe.

Ubora wa sakafu, hata hivyo, ulitokana zaidi na mikono. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, anaeleza kwamba sakafu ilipigwapigwa kwa vijiti kwa muda wa siku 3 hivi. Kupigwa huko kulishindilia chokaa, kukatoa maji na hewa, na kuziba nyufa kabla hazijafunguka. Hapakuwa na rangi wala dawa ya kuziba vinyweleo. Kazi hiyo ilifanywa na kipigo. Steere huyohuyo anaeleza pia neno kibarua: ni kile cheti walichopewa Unguja watu wa kutwa katika kazi kama za ujenzi. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa, na jasho lao lingali ndani ya sakafu zinazosifiwa leo.

Matajiri wa karne ya 19 waliongeza marumaru kutoka ng'ambo, kama ilivyokuwa katika Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash wa Zanzibar lililojengwa mwaka 1883. Marumaru na chokaa vina adui mmoja: asidi. Ndimu au siki ikimwagika huila, ikaacha doa lisilotoka kwa kusuguliwa; kwa hiyo hufutwa mara moja na kuoshwa kwa maji na sabuni isiyo kali.

Madhara makubwa zaidi yalikuja na saruji. Ni ngumu kuliko chokaa na haipitishi unyevu kwa urahisi. Ikipakwa juu ya sakafu ya kale, maji yaliyoingia kwa ufa hunaswa chini yake, chumvi hubambua kuta, na ncha za boriti huoza ndani ya ukuta mahali pasipoonekana. Fundi mzuri huibandua saruji hiyo, hubadilisha boriti zilizooza, kisha husakifu upya kwa chokaa na kuziba nyufa za paa kabla ya masika.