Afande

Asili ya neno hili ni Kituruki, efendi, yaani bwana. Lilifika kwetu na askari Wasudani waliotumikia majeshi ya Waingereza. Miaka ya 1950, katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, likawa cheo kabisa. Idi Amin alikipata mwaka 1959. Kilimpandisha Mwafrika juu ya masajini wenzake, lakini kikamwacha chini ya luteni wa Kizungu, hata awe kinda (ndiyo ilikuwa shabaha, nadhani). Cheo kilikufa, neno likabaki kambini. Leo luteni-usu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), ndevu ndiyo kwanza zinaota, kikanuni ni mkubwa wa afisa mteule aliyeingia jeshini kabla yeye hajazaliwa. Mzee atamwita afande bila kusita. Kijana mwenye akili humwuliza mzee kwanza, tena faraghani, ndipo atoe amri.