SMIG: Mshahara wa chini unaweza kulisha nyumba?

Kutoka Nyakabere mpaka Kalundu, mtu akipata kazi ya kulinda depo, kubeba mizigo ao kulima shamba la mwingine, mara nyingi wanapatana bei kwa mdomo tu. Lakini sheria ya Kongo iko na bei yake ya chini kabisa, inayoitwa SMIG. Bosi haruhusiwi kulipa chini ya hapo, hata kama mfanyakazi alikubali.

Ni franka ngapi?

Mwaka 2008 SMIG ilikuwa franka 1.680 kwa siku. Mwezi wa tano 2018 ikapandishwa kufika 7.075, zaidi kidogo ya dola 4 za wakati ule. Ikakaa palepale miaka saba, huku franka ikishuka. Mwanzo wa 2025, zile 7.075 hazikufika hata dola 2 na nusu.

Amri ya serikali ya tarehe 30 mwezi wa tano 2025 ilipandisha SMIG kwa hatua mbili: kwanza 14.500, kisha 21.500 kuanzia mwezi wa kwanza 2026.

Tupige hesabu

Mwezi wa kazi unahesabiwa siku 26. Kwa 21.500, mfanyakazi anapata franka 559.000. Lakini tumbo halina siku ya mapumziko, linakula siku zote 30. Nyumba ya watu saba inayotegemea mshahara huo mmoja inabaki na franka 2.660 hivi kwa kila mtu kwa siku. Humo mutoe unga, sombe, ndakala, makala, sabuni, nguo na masomo ya watoto. Ndiyo maana hata mwenye kulipwa kama sheria inavyosema, bibi yake analima ao anauza kitu sokoni.

Mshahara peke yake si yote

Kwa sheria ya kazi ya 2002, nyumba, usafiri, matibabu na posho ya watoto havihesabiwe ndani ya mshahara. Vinakuja juu yake. Bosi hawezi kusema: "Ninakulaza hapa, kwa hiyo ninakulipa nusu."

Na kibarua?

Hapa wengi wanakosa haki yao bila kujua. Kibarua wa siku kwa siku akifikisha siku 22 za kazi kwa bosi mmoja ndani ya miezi miwili, na akachukuliwa tena kabla miezi hiyo kuisha, sheria inamuhesabu kuwa mfanyakazi wa kudumu. Kukosa karatasi hakumuondolee haki: anaweza kuonyesha kazi yake kwa mashahidi ao njia nyingine.

Kukiwa ugomvi, anaanza kwa inspekteri wa kazi, ambaye anajaribu kuwapatanisha. Tribinali haipokei kesi bila kupita hapo. Deni la mshahara linadaiwa ndani ya mwaka mmoja, kisha haki inapotea.

Nani yuko nje?

Waajiriwa wa kudumu wa serikali, askari na polisi wako na sheria zao. Tena mvuvi, mkulima ao muuzaji anayejitegemea hana bosi wa kudai. Na tangu kiwanda cha sukari cha Kiliba kusimama wakati wa vita ya 1996, hao wanaojitegemea ndio wengi huku kwetu.

Lakini mwenye bosi aanze leo: daftari dogo, tarehe ya kila siku ya kazi, na pesa aliyopokea.