Dubu Aliyefutwa Kazi

Lile tufaha jekundu unalouziwa kwenye foleni ya magari Nairobi, limepanguswa likang'aa kama kiatu cha siku ya kwanza shuleni, huenda ukubwa na utamu wake ni kazi ya dubu. Sitanii. Najua kwetu dubu ni mnyama wa katuni. Hata jina lake tulilipata kwa Waarabu, mnyama mwenyewe akabaki alikotoka. (Afrika nayo ilikuwa na dubu wake, kwenye milima ya Atlas huko Moroko na Aljeria. Karne ya 19 haikumbakisha.)

Asili ya tufaha ni milima ya Tian Shan, hasa upande wa Kazakhstan. Huko mitufaha huota msituni bila kupandwa na mtu. Wataalamu huiita Malus sieversii, na haina nidhamu hata kidogo: mti huu matunda yake ni madogo na machungu, jirani yake amebeba makubwa matamu ambayo ungeyauza mjini bila aibu. Mwaka 1929 mtaalamu wa mimea wa Kisovieti, Nikolai Vavilov, alifika Alma-Ata, mji unaoitwa Almaty leo, akaikuta mitufaha ya mwitu imevaa vilima vizima. Akasema hapa ndipo nyumbani kwa tufaha. Utafiti wa jeni uliochapishwa 2010 ulimuunga mkono.

Lakini nani aliyaongeza ukubwa yale matunda kabla ya mkulima yeyote kufika?

Hebu tuanze na shida ya mbegu. Tufaha likiangukia chini ya mti wake likakaa pale, mbegu zina kazi: nyama ya tunda lenyewe huzizuia kuchipua, na juu kuna kivuli cha mzazi. Zinahitaji mtu wa kuzitoa ndani ya tunda na kuzipeleka mbali. Barry Juniper, mtaalamu wa mimea wa Oxford, alimtaja dubu. Kabla ya baridi kali dubu hula kama anayejiandaa kwa safari ndefu, maana anakwenda kulala miezi. Hana muda wa kuhangaika na vitunda vidogo vichungu. Anachagua vikubwa, vitamu, anatafuna harakaharaka. Mbegu ni ndogo, telezi, na chungu zikipasuliwa, kwa hivyo nyingi humpita salama, zikaangushwa mbali pamoja na mbolea yake. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka na msitu unaanza kufuata ulimi wa dubu.

Wapo wanaowapa sifa hiyo farasi, au wanyama wakubwa waliokwisha kutoweka. Inawezekana wote walishiriki. Mimi bado nampigia dubu kura, kwa sababu tunapenda tunda lilelile alipendalo.

Halafu wakaja watu, na misafara ya Njia ya Hariri ikalibeba tufaha kuelekea magharibi. Tatizo likawa moja: ukipanda mbegu ya tufaha tamu hupati tufaha lile, unapata bahati nasibu. Dawa ilikuwa kupandikiza, yaani kukata kijiti cha mti uupendao na kukiunga kwenye shina la mwingine. Siku hiyo dubu alifutwa kazi. Sasa kila mti mtamu ungeweza kunakiliwa bila kikomo, na aliyekuwa mchaguzi akageuka mwizi.

Na ni mwizi wa hasara kweli. Dubu akilitaka tunda la ncha ya tawi, analivunja tawi. Akishaonja shamba, anakumbuka njia. Ndiyo maana wakulima wa Amerika Kaskazini huzungusha ua wa umeme mapema, huvuna bila kuchelewa, na huokota matunda yaliyoanguka kabla harufu haijasambaa. Siwacheki. Nina mjomba Taita mwenye miembe, na ndovu wakipita usiku, asubuhi huwezi kumwambia eti mnyama yule ni mpanda mbegu stadi. Ni kweli, lakini karo hailipwi na ukweli huo.

Kinachoniuma ni msitu. Warusi walijenga ngome ya Verny pale mwaka 1854, walowezi wakaleta tufaha lao kubwa liitwalo Aport, na hilo ndilo lililoupa mji sifa. Enzi ya Kisovieti mitufaha mingi ya mwitu ikafyekwa kupisha mashamba na nyumba. Vavilov mwenyewe alikamatwa 1940, akafa gerezani 1943 kwa njaa, yeye aliyekusanya mbegu ili watu wasife njaa. Aimak Dzhangaliev, mwanasayansi wa Kikazakh, aliendelea kuutetea msitu ule, na kuanzia 1989 Wamarekani wakaja kuchukua mbegu, wakazipanda Geneva, jimbo la New York. Hawakuja kwa huruma. Mashamba ya dunia yamejaa nakala za aina chache tu, na ugonjwa ukijua kuuangusha mti mmoja, umejua kuiangusha nakala zake zote. Kinga iko kwa wale wa mwitu wasio na nidhamu.

Kule Geneva miti ilipangwa mistari, ikachaguliwa na watu wenye daftari. Juu ya Almaty, ndani ya hifadhi ya Ile-Alatau iliyoanzishwa 1996, bado kuna mitufaha ya mwitu, na bado kuna dubu, ingawa nchi hiyo imemwandika kwenye Kitabu Chekundu cha wanyama walio hatarini. Baridi ikikaribia, anashuka kuchagua.