Neno la Kichina na Somo la Kiswahili Kamembe

Mwalimu wa lugha akiulizwa aogopacho zaidi darasani, hatataja makosa ya wanafunzi. Atataja miayo yao. Wachina wana neno la sifa kwa kitu kiletacho miayo, nalo ni *kūzào*. Sehemu ya kwanza husemwa juu ya mmea ulionyauka au kisima kilichokauka, na alama yake ina umbo la mti ndani yake. Ya pili ni ukavu, na alama yake ina umbo la moto. Hivyo hotuba, kazi au somo lisilovutia huitwa kavu mara mbili.

Mswahili hufika huko kwa njia ya ulimi: husema maneno ni chapwa, kama mchuzi usiotiwa chumvi. Wachina nao wana *fáwèi*, yaani pungufu wa ladha, na aghalabu huyaunganisha maneno hayo mawili. Lakini mwanafunzi asidhani kwamba ukavu hutafsirika popote. Kwetu sisi, mwenye macho makavu hachoshi watu. Hana haya tu.

Ujirani wa lugha hizi si wa jana. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Rwanda ilifungua uhusiano na China mwaka 1971, na mwaka 2009 Taasisi ya Confucius ikaanzishwa Kigali.

Kiswahili hapa Kamembe hakikungoja taasisi. Kililetwa Rwanda na wafanyabiashara na askari wa enzi ya Wajerumani, kikakaa sokoni, kikawa kikivuka mto Rusizi kwenda Bukavu na kurudi. Mwaka 2017 kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda, nasi tulifurahi. Hata hivyo, heshima hiyo ina hatari yake. Lugha iliyozoea kupatana bei ya sambaza yaweza kugeuzwa orodha ya ngeli za kukariri, na kijana aliye msemaji sokoni akawa bubu darasani.

Hatusemi ngeli ziachwe. Twasema neno la Wachina latukumbusha jambo moja: mti ulionyauka ulikuwa na majani, na kisima kilichokauka kilikuwa na maji. Basi, ndugu walimu, somo la ngeli na lianzie kwenye kikapu cha sambaza: mmoja auze, mwenzake apunguziwe bei, kisha ndipo kanuni iandikwe ubaoni.