Maiti ni ya Nani?

Katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Edinburgh, nchini Uskoti, yamewekwa mifupa ya mtu mmoja aliyeitwa William Burke. Mtu huyo alinyongwa mwezi wa Januari, 1829, na baada ya kunyongwa maiti yake ilipasuliwa mbele ya wanafunzi wa utabibu. Yeye na mwenziwe, William Hare, walikuwa wameua watu 16 na kuuza maiti zao kwa Daktari Robert Knox, aliyekuwa akifundisha elimu ya viungo vya mwili. Maiti ya kwanza waliyoiuza haikuwa ya mtu waliyemuua. Ilikuwa ya mpangaji mzee aliyekufa kwa maradhi, nao wakalipwa paundi 7 na shilingi 10. Walipokwisha kuonja fedha hiyo hawakungoja tena maradhi yafanye kazi yake.

Siku hizi Waingereza hubishana juu ya kutoa figo, ini na moyo wa mtu aliyekufa ili kumponya aliye hai. Mtu akidhani kwamba ubishi huo ulianza na ufundi mpya wa madaktari atakuwa amekosea. Hofu iliyomo ndani yake ina umri wa karibu miaka 200, na mizizi yake imo katika makaburi.

Kwa sheria ya 1752, maiti za wauaji walionyongwa zilitolewa zipasuliwe. Kupasuliwa, basi, hakukuwa elimu tu machoni pa watu. Kulikuwa sehemu ya adhabu, aibu iliyomfuata mwovu hata baada ya kufa. Lakini shule za utabibu ziliongezeka, na wauaji wa kunyongwa hawakutosha. Wakazuka wezi wa maiti, waliofukua makaburi usiku na kuyauza waliyoyafukua. Jamaa za wafu walikesha makaburini, na wenye mali walinunua vizimba vya chuma vya kufunika makaburi ya wapenzi wao. Maskini hakuwa na kizimba. Mwezi wa Desemba, 1831, katika mji wa Aberdeen, mabaki ya binadamu yalionekana nyuma ya shule moja ya upasuaji. Umati wa watu ukakusanyika, ukaiteketeza shule hiyo kwa moto.

Bunge likaona kwamba hapana budi kutunga sheria. Sheria ya 1832 iliondoa adhabu ya kupasuliwa kwa wauaji, na badala yake ikasema kwamba mtu yeyote aliye na maiti mkononi mwake kwa haki aweza kuitoa kwa madaktari, isipokuwa marehemu alikataa kwa maandishi, au kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili katika ugonjwa wake wa mwisho, au jamaa yake akataa. Maneno hayo yafaa kusomwa mara ya pili. Aliyenyamaza alihesabiwa kuwa ameridhika. Na ni nani aliyekufa bila jamaa wa kumsemea, wala shahidi wa kumsikiliza? Ni yule fukara aliyefia katika nyumba ya maskini, ambaye mwenye maiti yake kwa haki alikuwa msimamizi wa nyumba ile ile. Kilichokuwa adhabu ya muuaji kikawa fungu la mnyonge. Haishangazi kwamba kwa miaka mingi watu wa kazi ngumu walijinyima chakula ili watie senti zao katika vyama vya mazishi. Hawakuogopa kufa kama walivyoogopa kufa bila mwenyewe.

Yupo mmoja aliyejitolea kwa hiari, na haki yake tumpe. Jeremy Bentham, mwanafalsafa, alifariki mwezi wa Juni wa mwaka huo huo wa 1832, akiwa ameagiza kwamba mwili wake upasuliwe kwa faida ya elimu. Ukapasuliwa. Mifupa yake ikavikwa nguo zake, na hata leo ameketi katika kabati la kioo katika Chuo cha University College, London. Lakini Bentham alikuwa mtu mwenye mali na jina, naye alitoa kilichokuwa chake. Mfano wake haukumfariji mtu yeyote wa nyumba ya maskini.

Edinburgh ikarudi tena katika habari hizi mwaka wa 1960. Mwezi wa Oktoba, Daktari Michael Woodruff alihamisha figo kutoka kwa pacha mmoja na kumtia pacha mwenziwe, na huo ndio uhamishaji wa kwanza wa figo uliofaulu nchini Uingereza. Mji ule ule uliowahi kununua maiti za waliouawa sasa ulikuwa ukirudisha watu katika uhai. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Viungo vya Binadamu, 1961. Humo yamo tena maneno ya zamani: mwenye maiti kwa haki aweza kuruhusu kiungo kitolewe, ikiwa baada ya kuuliza kadiri iwezekanavyo hakuona sababu ya kudhani kwamba marehemu alikataa au jamaa yake akataa. Sheria ya Kenya ya 1966 juu ya jambo hilo ilifuata mtindo uo huo. Kwa hiyo msomaji wa Nairobi au Mombasa asidhani kwamba anasoma mambo ya ugenini tu.

Tangu 1971 Waingereza waliombwa wachukue kadi mifukoni iliyosema kwamba mwenyewe yu radhi figo zake zitolewe akifa. Mwendo huo ulikuwa wa adabu, na wengi waliupenda. Lakini mwaka wa 1980 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha kipindi kilichouliza kama wale wanaotolewa viungo wamekwisha kufa kweli. Madaktari walikasirika, na hoja nyingi za kipindi kile zilijibiwa. Hata hivyo viungo vilivyotolewa vilipungua kwa muda. Imani hukatika upesi kuliko inavyofungwa.

Baya zaidi lilitokea Liverpool. Katika uchunguzi ulioanza 1999 iligunduliwa kwamba katika hospitali ya watoto ya Alder Hey, viungo vya mamia ya watoto waliokufa vilikuwa vimewekwa ndani ya chupa bila wazazi kuulizwa ipasavyo. Wazazi waliodhani wamekwisha kuzika wakaitwa kupokea moyo, kisha ubongo. Wengine walifanya maziko mara ya pili na ya tatu. Viungo hivyo havikumponya mgonjwa yeyote. Taarifa ilitolewa Januari, 2001, na Bunge likatunga sheria mpya, ya 2004, iliyoweka ridhaa kuwa msingi wa kila jambo. Neno lile la mwenye maiti likaachwa. Swali likawa marehemu mwenyewe alitaka nini.

Hata hivyo wagonjwa waliendelea kufa wakingoja. Huo ni upande wa pili wa mizani, na mtu mwadilifu hawezi kuupuuza: mama anayengojea figo hana kosa lolote katika mambo ya Burke na Hare. Wengine wakasema, na turudie kuhesabu ukimya kuwa ni ridhaa. Kamati iliyoteuliwa na serikali ilitoa shauri mwaka wa 2008 kwamba isifanywe hivyo kwa wakati ule, kwa kuhofia kuvunja imani ya watu. Wales haikungoja. Sheria yake ilianza Desemba, 2015; England ikafuata 2020, Uskoti 2021, na Ireland ya Kaskazini 2023. Asiyetaka hujiandikisha kukataa.

Je, viungo vimeongezeka? Wales ilionyesha dalili njema katika miaka ya kwanza. Lakini katika Uingereza nzima, familia zilizokubali kabla ya sheria ya 2020 zilikuwa karibu saba katika kumi, na baada ya miaka michache zilikuwa karibu sita. Maana daktari bado humwuliza jamaa aliyekaa kando ya kitanda, naye jamaa, asipojua matakwa ya marehemu, aghalabu hukataa. Mimi naona hakosei sana. Mtu anayelia haombwi kusoma ukimya.

Kenya ilichukua njia nyingine. Sheria ya Afya ya 2017 yataka ridhaa ya maandishi, na mtu aweza kutoa mwili au viungo vyake kwa wasia, kwa hati, au kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili. Mashahidi wawili walihitajiwa Uingereza mwaka wa 1832 ili fukara aweze kukataa. Hapa wanahitajiwa ili mtu aweze kutoa.