Barua za Cassius na Watu wa Geita
Katika mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, uliotolewa kwa Kiswahili mwaka 1963 kwa tafsiri ya Julius K. Nyerere, Cassius humnasa Brutus kwa mapenzi yake mwenyewe kwa Roma. Barua za kughushi, zenye miandiko mbalimbali, hutupwa dirishani mwake kana kwamba zatoka kwa raia wengi; naye haulizi aliyeziandika. Kosa la msomi, hilo. Wasomaji wa Shinyanga na Geita walikuwa na kipimo chao: mwaka 1958 watu wa Geita, wakilikataa baraza la rangi mbalimbali, walikwenda wenyewe hadi Mwanza kunena. Brutus alipowahutubia Warumi, alikuwa amekwisha kumchoma rafiki yake.